Jaketi la Bluu na Safari ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Dukani hakuna wateja, ila mmoja aliyeingia kujikinga, akakung'uta mwavuli juu ya viatu vya kupandia mlima, akaondoka.

Bosi ametuita mbele ya kaunta. Majaketi ya mvua ya mwaka jana yalirudishwa kwa mafungu. Maji hayakuingia, kweli, lakini jasho nalo halikutoka, na wapanda mlima wakalowa kutokea ndani. Safari hii tunapima kabla ya kuagiza. Vitambaa vitatu, kila kimoja na jaketi lake la mfano: bluu, kijani, njano. Tunataka kinachozuia mvua na bado kinapumua. Atakayevaa kitakachoshinda atakwenda mlimani Jumamosi na Fundi, wakakijaribu kwenye mvua ya Mungu.

Na Fundi!

Fundi ndiye mwanamke anayeshona na kuziba mishono chumba cha nyuma. Kila Jumamosi hupanda mlima peke yake. Mimi sijapanda kitu kirefu kuliko ngazi ya stoo. Mchana kutwa naisikia cherehani yake ukutani. Ikinyamaza namkumbuka, ingawa yuko chumba cha pili. Lazima niende.

Nimewahi bluu. Muuzaji mwenzangu, tunayemwita Twiga, amechukua kijani. Njano haina mwenyewe. Ni mfuko wa plastiki wenye mikono.

Jumanne, 4 Machi

Kipimo cha mabakuli. Fundi alimimina maji ya moto, akafunika kila bakuli kwa kitambaa chake, akakaza kwa mpira, akaegemeza kioo juu. Mvuke ukipenya, kioo hupata ukungu. Kisha akaitwa na Bosi.

Nikabaki peke yangu na mabakuli. Kioo cha kijani kimeshaanza kufifia. Cha bluu kinang'aa! Nilijiona uso mzima ndani yake. Basi nikakiinua, nikakipulizia pumzi kwa nguvu zangu zote, nikakirudisha.

Fundi akarudi. Akainama. Akanusa. Akasema taratibu kwamba ameshika vitambaa vya kila aina, ila hajawahi kukutana na kinachotoa pumzi ya kitunguu.

Shangazi ninayeishi naye, na mayai yake ya vitunguu kila asubuhi!

Twiga alicheka mpaka akashika kaunta. Fundi naye alicheka, na sitaficha, kicheko kile nimekibeba hadi nyumbani. Lakini bluu nimenyang'anywa. Fundi ataivaa mwenyewe. Mimi nimetupiwa njano.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza Shangazi yote. Ameniuliza kama Fundi anajua kwamba nampenda. Nikamwambia hapana, hayo yatakuja baada ya mpango. Akatikisa kichwa, akasema mficha uchi hazai, akaendelea kumenya vitunguu. Mama wa watu ana maneno mazuri lakini hana mbinu.

Mbinu ninayo. Njano ina zipu za kwapani. Zikifunguliwa, hewa itapita, jasho litakauka. Nani ataangalia kwapa la mtu?

Alhamisi, 6 Machi

Kila mmoja apande ngazi za nje za jengo, juu na chini, amevaa jaketi juu ya fulana iliyopimwa kwenye mizani. Mwishoni fulana inapimwa tena. Iliyoongezeka uzito zaidi imenyonya jasho zaidi. Rahisi.

Nikafungua zipu zote mbili. Nikapanda nimeinua viwiko kama kuku anayeota jua. Upepo mtamu! Mbele yangu Fundi, hatua zake nyepesi, hahemi hata kidogo. Nilitamani ngazi zile zisiishe.

Hakuna aliyeniambia kwamba Bosi yuko ghorofa ya juu na mpira wa kumwagilia maji. Eti jaketi la mvua halipimwi kavu. Kweli tupu, ila wangesema. Maji yaliingia kwapa la kulia, yakatoka la kushoto. Fulana yangu ilipowekwa kwenye mizani ilichuruzika mpaka chini ya meza. Fundi alizitazama zipu, akanitazama mimi, akaniletea taulo. Taulo lilinuka mafuta ya cherehani. Nimelirudisha kwa shida.

Ijumaa, 7 Machi

Matokeo. Bluu imeshinda, tena kwa mbali. Fundi amefafanua kwamba kitambaa kile huchelewa kuanza, lakini mwili ukishapata moto hutoa mvuke kuliko vyote. Ningekiacha kioo kile kikae tu, leo mshindi ningekuwa mimi! Twiga hajajali. Kumbe hakutaka kwenda tangu mwanzo. Jumamosi hulala.

Jioni nilikwenda chumba cha nyuma kurudisha njano. Fundi alikuwa anakata uzi. Akasema bila kuinua macho:

"Mshindi ni mimi, kwa hiyo wa kwenda naye nachagua mwenyewe. Mtu akitaka kuja, aniambie tu."

Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini hapo hapo nikapata wazo. Nikamwambia kesho nina shughuli, sitapatikana kabisa. Nikaomba kuondoka na njano, eti nikaibane zipu vizuri.

Akasema sawa. Akakata uzi mwingine, ambao sidhani kama ulihitaji kukatwa.

Wazo lenyewe: nitatangulia! Atakapofika kileleni atanikuta nimekaa juu ya jiwe, nimetulia, kama mtu wa milima. Ataona ni majaliwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika kileleni kwa magoti. Mvua haikukatika. Njano haikuingiza tone wala haikutoa jasho, nimeiva humo ndani kama kiazi. Nilikaa juu ya jiwe. Nilitulia. Kila jani lililotikisika nilidhani ni yeye, nikaweka uso wa majaliwa.

Hakuja mtu.

Jumapili, 9 Machi

Nina homa. Shangazi ameleta uji, na habari.

Jana Fundi alikuja hapa nyumbani. Alileta jaketi la bluu, amelipunguza mikono inikae mimi. Alidhani shughuli yangu iko nyumbani, labda aje anisaidie tuimalize, halafu twende wote. Alikaa kwenye kiti changu mpaka jioni. Akamwambia Shangazi:

"Mlima nimeupanda peke yangu vya kutosha, mama. Mwambie Jumamosi ijayo nitakuwa kituo cha basi. Akitaka, aseme."

Shangazi akaongeza mficha uchi hazai, kwa sauti ya juu, kama mtu anayedhani homa yangu iko masikioni.

Nimelivaa jaketi humu kitandani. Limenikaa sawasawa. Mikono yote miwili amenipima kwa macho tu, siku zote hizo, na mimi sikuona.

Nimejifunza. Kosa langu lilikuwa moja: nilitangulia mno. Jumamosi ijayo nitapanda basi lake, nikae kiti cha nyuma kabisa, nimevaa ndevu za bandia. Atakapoteremka nitajikwaa mbele yake kwa bahati. Kesho dukani nitamwambia Jumamosi nitakuwa nimesafiri.

Kumwambia tu, hivi hivi, bila mpango? Mwanamke kama yule? Atanionaje!