Haki ya Silaha Bombani

Sogeeni, enyi wa Umoja, nanyi wa Tena na Mowlem mnaopenda kusikia, acheni sufuria zichemke zenyewe, niwasimulie jinsi Phelister, bingwa wa ugali, mama asiyerudi nyuma, alivyoipigania haki ya silaha katika ploti yetu, mwaka ule Mungu alipotulisha unga wa njano.

Palikuwa na bata mzinga. Alikuwa wa Makokha, mwenyekiti wa wapangaji, naye alitamalaki bombani kama sultani, shingo nyekundu, mbawa zikikwaruza sakafu, na hakuna mwanamke aliyechota maji asidonolewe miguu. Ndipo Phelister akashuka, ndoo mkono wa kushoto, na wa kulia mwiko wake wa ugali, akamnyooshea yule jabari, naye jabari akasalimu amri.

Makokha akaghadhibika. Akatukusanya uani chini ya kamba za nguo, akaikunjua katiba ya ploti aliyoitunga mwenyewe kwa Kiswahili cha redioni, akasema Phelister ameivunja, na kuanzia siku hiyo maji atayafuata Mowlem. Kisha akasoma kwa sauti ya kutetemesha mabati: "Ili amani idumu, silaha bombani ni mwiko."

Nduta, jirani yangu, akaninong'oneza, kwani kosa liko wapi?

Phelister akauinua ule wake, ungali na ukoko wa jana. "Mzee Makokha, hiki nimeshika ni nini?"

"Ni mwiko, mama."

"Na katiba yako inasema silaha ya bombani ni nini?"

Mwenyekiti akaeleza kwa kirefu kwamba mwiko ni jambo lililokatazwa, ndivyo wasemavyo watu wa pwani. Nduta akamwuliza kama hao wa pwani husonga ugali kwa jambo lililokatazwa. Ua mzima ukacheka mpaka shuka zikatikisika. Makokha akataka wanaomuunga wainue mikono. Akainua yeye peke yake; mkewe alikuwa ameshaingia ndani kuutafuta mwiko wake.

Basi Phelister akavuka ua, silaha begani, jeshi la ndoo na miko nyuma yake. Bata akaitazama miko ile yote, akapanda juu ya pipa la taka, na maji yakatiririka, Bwana asifiwe.

Na asubuhi yake, sisi wa foleni kwa macho yetu tulimwona mwenyekiti akija kunawa uso, taulo shingoni, na mkononi, ameushika wima kama askari wa gwaride, mwiko wa mkewe.