Aliyemimina Mazuti

Ijumaa asubuhi, kwenye ufukwe wa Alunguli, ng'ambo ya mto kutoka Kindu, Ayoubu alimwona mwanamke aliyekataa kupanda mtumbwi. Papo hapo akampenda, kama watu wanavyopenda mali ya wengine.

Mwanamke alivaa vitenge vipya viwili, kimoja juu ya kingine, na kila mtumbwi uliposogea alishika kifundo kilichofungwa kiunoni mwake. Mume wake alivaa miwani ya jua yenye karatasi ya duka bado imebandikwa kwenye kioo.

"Miye siingie mule," alisema mwanamke. "Maji iko mingi. Nitangojea bac."

"Adolphine, tumetoka kule Kama kuja kupumzika Kindu siku mbili, si kulala ufukweni."

Kama. Machimbo ya dhahabu. Kifundo kiunoni. Ayoubu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Kwa kweli hakuambiwa hata mara moja, lakini akili yake ilizoea kujijibu yenyewe.

Hakuwa mwanagenzi. Wakati wa vita, mji ulipozingirwa na chumvi ikawa haionekani, aliwauzia watu vibali vya njia alivyoviandika mwenyewe, vyenye mhuri aliouchonga kwenye muhogo. Vita vikaisha, muhogo ukaliwa, kipaji kikabaki. Sasa alijiita protokole, yaani mtu wa kupokea wageni na kuwapunguzia mizigo.

"Karibuni, papa, mama. Miye njo protokole."

"Nani amekutuma?" aliuliza mume, aliyeitwa Édouard.

"Heshima."

Akawaeleza desturi ya bac, yaani kivuko kile. Chenyewe hakikuwa na mafuta kamwe. Kilivuka pale tu msafiri alipoleta mazuti yake, na mazuti yakishaingia tangini, aliyeyamimina ndiye aliyeamuru kuondoka au kungoja. "Aliyemimina njo patron," alisema. "Leo patron ni miye." Akanunua dumu zima na kulimimina mbele ya macho yao.

"Patron, twende?" aliuliza Kitenge, nahodha.

Ayoubu akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayefungua bunge.

Huko Kindu aliwalaza kwenye loji yenye feni, kwa gharama yake. Akawazungusha mjini kwa pikipiki ya mamamkwe wake, Mama Safia, mwenye mwavuli wa njano, aliyemwazima kwa maneno machache: "Hii isiporudia, Aziza atarudia kwangu." Aziza alikuwa mke wa Ayoubu, na ndiye kitu pekee duniani alichokipata bila hila.

Wageni walikula bila haya.

"Protokole," alisema Édouard akifuta mdomo, "mbuzi huyu hana ndugu?"

Ndugu wa mbuzi akaletwa. Ayoubu alikuwa tayari na kifundo pacha, kilichojaa unga wa shaba ya manjano, akingoja nafasi ya kubadilisha. Nafasi haikuja. Adolphine alilala na kifundo chake, akala nacho, akaoga nacho.

Jumapili Édouard alimwambia kwa siri kwamba mnunuzi anawangoja Kalima. Je, protokole angewapeleka kwa pikipiki? Protokole angewapeleka hata mwezini. Njia ya Kalima ina vituo vingi vya kupumzika.

Pikipiki ikaingizwa kivukoni. Édouard akaikalia ili isianguke, na ufunguo ukabaki mahali pake. Ayoubu alipoleta dumu la mazuti, Édouard alishuka akalipokea.

"Umetutendea mengi. Acha nimimine miye."

Ayoubu alikuwa na shati jeupe. Akamwachia.

Dumu lilipokwisha, Adolphine alijipapasa kiunoni. "Kifundo," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekiacha chini ya godoro."

Édouard alitaka kukimbia, lakini Ayoubu alimshika bega. "Kaa, papa. Njia za Kindu zitakupoteza. Nitaenda miye."

"Utakimbia kweli?"

"Kama vile ni mali yangu."

Alikimbia hivyo hasa. Chini ya godoro alikuta kifundo, akakifungua kwa meno. Ndani mlikuwa na kokoto za mto, zimeoshwa vizuri. Akiwa bado anazitazama, alisikia injini ya kivuko.

Alivuka kwa mtumbwi. Alipofika Alunguli, alama za magurudumu zilikuwa zimekwisha kupanda mlima kuelekea Kalima.

"Kwa nini uliondoka?" alimwuliza Kitenge.

"Patron alisema twende."

"Patron ni miye. Mazuti ni yangu."

"Weye ulinunua. Yeye njo alimimina. Niliona."

Ayoubu akaketi kwenye mchanga. "Na yule mama muoga wa maji..."

"Adolphine?" Kitenge alicheka mpaka akashika usukani. "Ule ni mutoto wa Wagenya, wavuvi wa huu mto. Alishika kasia mbele ya kujua kutembea. Kila mwaka bwana yake anamuleta kupumzika Kindu. Mwaka jana walipokelewa na protokole mwingine."

"Na haukuniambia?"

"Haukuniuliza. Ulikuwa patron."

Ng'ambo ya pili, kwenye gati la Kindu, mwavuli wa njano ulisimama bila kutikisika, ukingoja pikipiki.

"Bac inarudia saa ngapi?" Ayoubu aliuliza.

"Wakati mutu atamimina mazuti."

Mwanamume mmoja alikuwa akiteremka kilimani, dumu begani. Ayoubu, ambaye maisha yake yote aliwaombea wasafiri waje kwa wingi, alimwombea huyo ateleze.