Kitabu cha Dada Ndani ya Waya wa Simu

Jumatatu, 6 Machi

Nashukuru kwa afya na kwa kichwa nilichojaliwa. Dada amekuja na disketi. Ndani mna kitabu chake cha mitindo ya nguo, michoro yote, jasho la miaka ya kuinamia cherehani. Mpiga chapa yuko mji wa mbali na anakitaka Ijumaa kabla ya adhuhuri. Kisipofika, mtambo unapewa kazi nyingine na Dada anasubiri hadi mwakani. Mumewe akasema atapanda basi akakipeleke mwenyewe. Safari ya siku mbili! Nikacheka. Nikawaambia nina modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, na kitabu kitafika kabla chai haijapoa. Dada akanitazama kwa imani. Shemeji akaitazama modemu. Tangu amwoe dada yangu huyu bwana ananiona mtoto wa kutumwa dukani. Sasa ataona.

Jumanne, 7 Machi

Programu ya mawasiliano inataka nichague itifaki, yaani utaratibu wa kompyuta mbili kupeana faili. Ipo X, ipo Y, ipo Z. Nimechagua Z. Anayezaliwa mwisho hukuta nyumba imeshajengwa. Nikapiga. Modemu ikalia, ikakohoa, ikaungana. Nikabonyeza “Pokea”, maana nilitaka mpiga chapa apokee. Asubuhi nzima skrini kimya. Nikadhani ni heshima, watu wazito hawakimbilii mambo. Baadaye mpiga chapa akapiga simu kuuliza kama nipo hai. Kumbe naye alibonyeza Pokea! Tumekaa kama wageni wawili mlangoni, kila mmoja anamngoja mwenzake atangulie. Nimemsamehe. Namshukuru pia kwa uvumilivu wake.

Jumatano, 8 Machi

Shemeji kaja mapema, begi begani. Basi la mwisho linaloweza kuwahi lilikuwa la leo asubuhi. Akaomba disketi, tena mbele ya Dada. Nikasema ngojeni muone. Nikatuma kwa Z. Mashine ya mpiga chapa ikatema herufi zisizosomeka, ikakata. Nikapiga tena, ikakata tena. Jasho likanitoka. Ndipo nikaona, chini kabisa ya orodha, njia isiyo na itifaki yoyote: “maandishi matupu”. Haiulizi maswali. Nikaibonyeza na faili likaenda mbio kama maji ya bomba. Nikampa Shemeji mkono wa pole. Basi likaondoka bila yeye. Dada alinikumbatia hadi miwani ikaanguka. Ahsante Mungu kwa kunipa dada anayejua kuthamini watu.

Alhamisi, 9 Machi

Mpiga chapa kapiga simu. Kauliza kwa adabu kama kitabu ni cha mitindo ya nguo au cha kuku waliochakura. Kumbe ile njia hubeba herufi tu. Michoro imesagika. Gauni la bibi harusi limefika likiwa mabano na alama za kuuliza.

Nimebadili kila kinachobadilika. Kasi, ukubwa wa vipande vya faili, hata rangi ya skrini. Nikapiga, ikakata. Nikabadili, nikapiga, ikakata. Nikailaza modemu juu ya mto, huenda meza inaiumiza. Dada alikuja akaketi. Angenitukana ningeshukuru. Aliweka mikono magotini, ile mikono yenye alama za sindano, na roho ikaniuma kwelikweli. Nikamwambia kosa ni la laini ya simu. Akasema sawa, mdogo wangu.

Ijumaa, 10 Machi

Shemeji aliomba ruhusa kazini, akaja. Hakunikaripia. Aliuliza kitu kimoja tu: mpiga chapa kwake ameweka itifaki gani? Nikajibu kwamba sikutaka kumchunguza mtu mambo yake. Akachomoa waya wa modemu, akapiga simu ya kawaida. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, ndipo wakafika kwenye itifaki. Programu ya mpiga chapa ni ya zamani, inajua X peke yake. Basi na sisi tukaweka X. Yeye apokee, sisi tutume. Shemeji akarudisha mipangilio yangu yote ilivyokuwa mwanzo, na mto akautoa.

Faili lilitambaa. Kipande kinakwenda, upande wa pili unaitikia, ndipo kingine kinafuata. Niliushika mkono wa Dada, na saa ya ukutani sikuthubutu kuitazama. Adhuhuri haijafika, mpiga chapa akapiga: gauni limefika, na mikono yake yote miwili. Dada akalia. Mimi nikalia kumshinda. Nimemshukuru Shemeji hadi akaniomba nimwachie mkono wake. Kumbe ni mtu wa dhahabu, na mimi muda wote namnunia.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeamka na shukrani tele. Lakini ahsante ya mdomo ni nyepesi. Shemeji ni karani wa ghala la vipuri, na kila Jumamosi hutuma makao makuu oda zote za wiki, kwa modemu. Nikapita kumsalimu. Anatumia nini? X! Mtu wa maana kama yule, anatambaa. Alipotoka kwenda kula, nikapata nafasi. Nimemwekea Z. Kasi nimeipandisha hadi mwisho, vipande nimevipanua. Makao makuu sikuwauliza, wana shughuli nyingi. Wala sikumwambia mwenyewe, jambo jema hutendwa kimya. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Mimi si punda.

Simu imelia sasa hivi. Dada yupo hapa, ameipokea. Anasema ni mumewe, ananiulizia kwa jina langu lote, pamoja na la baba na la babu. Nimeguswa. Hajawahi kunipa heshima kubwa namna hii.