Moshi wa Kimulot Umekataa Kujumlishwa

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu kutoka Kimulot, ambako majani chai yanachipua vizuri na mvua bado inatuheshimu. Mimi ni Jonah Chirchir, mkulima, mzee wa kanisa na, hadi Jumapili iliyopita, mtu aliyesikilizwa. Naomba nafasi katika gazeti lako niwashtaki wataalamu wanaojumlisha ahadi za mataifa kuhusu hewa chafu inayoipasha dunia joto. Wamenivunjia heshima, na wala hawanijui.

Mambo yalianzia kwenye semina ya wakulima pale Kapsoit. Mkufunzi wetu, Bi. Christabel Nyaberi, alitueleza kwamba karibu kila nchi imeahidi kupunguza hewa hiyo, lakini ukijumlisha ahadi zote hupati namba moja. Unapata ndogo na kubwa, na katikati pana pengo la kutosha nchi nzima kujificha. Niliwaonea wataalamu huruma. Nikajiambia kwamba wamekosa tu karani mzuri. Niliporudi nyumbani niliita majirani, kila boma liahidi kupunguza moshi wa jikoni kufikia mwaka 2030, nami nijumlishe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kimeli, jirani yangu wa juu, aliahidi kupunguza nusu. Lakini si nusu ya kuni anazochoma leo, bali ya zile ambazo angechoma akishafungua hoteli. Hoteli yenyewe haina hata msingi. Nilipopiga hesabu, moshi aliopunguza ulikuwa mwingi kuliko moshi alio nao. Bi. Christabel anasema kuna mataifa yanayohesabu hivyo. Mbona wataalamu hawakuyakanya mapema, kabla Kimeli hajaja semina?

2. Eliakim, karani wa kiwandani aliyetoka upande wa ziwa, aliahidi kuacha makaa kabisa "nikisaidiwa." Nilimuuliza atasaidiwa na nani. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, hilo muulize atakayenisaidia." Nikamwandika mara mbili, mmoja aliyesaidiwa na mmoja aliyeachwa.

3. Eucabeth wa mandazi aliahidi kupunguza moshi kwa kila andazi, na akatimiza. Kuni zikapungua, akashusha bei, wateja wakajaa, akanunua karai la pili. Sasa kila andazi lina moshi kidogo na jiko lina moshi mwingi. Mimi ni mmoja wa wateja.

4. Gibson hakutaka kuni zake ziguswe. Alisema miche yake ya miti itameza moshi wote, nami nikaiandika kama msitu. Ng'ombe wangu aliingia huko akaumaliza kabla ya chakula cha mchana.

Mke wangu Chepkurui, ambaye hukohoa kila anapopuliza moto, alikataa kuahidi chochote. "Andika hao wengine," alisema. "Mimi nataka jiko la udongo lenye dohani ya kutoa moshi nje, lile linalokula kuni kidogo." Nilimweleza kwa upole kwamba haifai kujenga kabla jumla haijajulikana. Nilimweleza hayo nikipangusa machozi ya moshi.

Jumapili nilisimama kanisani nikatangaza kwamba kufikia mwaka 2030 moshi wa Kimulot utapungua karibu nusu, ama utaongezeka. Mchungaji akauliza tumshukuru Mungu kwa lipi kati ya hayo mawili. Watu walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza wimbo. Chepkurui hakucheka. Alikuwa anakohoa.

Kwa hivyo nadai wataalamu watoe namba moja, hata kama si ya kweli. Mpaka itoke, jiko lolote la Kimulot lisiguswe. Na wakishindwa, waniajiri. Mimi nimeweza kukosa jibu kwa maboma manne tu, kazi ambayo wao wamehitaji mataifa ya dunia nzima kuifanya.

Wasalimie wote hapo ofisini, hasa yule anayefupisha barua za watu.

Wako ninayengoja jumla,
Jonah Chirchir

Tanbihi: Kabla sijaituma barua hii nilitoka kuchuma chai nikakuta Chepkurui na fundi wake, Mokeira, wametoboa ukuta wa jikoni na kusimamisha jiko lenye dohani. Lilipokauka, Chepkurui aliwasha moto, akapuliza, akasimama kungoja kikohozi. Hakikuja. Tuliangaliana. Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku, nusu yake bado iko mlangoni. Nimejaribu kumwandika, lakini hakuahidi, hakutaja mwaka, hakungoja msaada, kwa hivyo katika hesabu yangu hayumo, na ndiye pekee aliyepunguza kitu. Majirani wamekuja kuangalia, na hakuna aliyeniuliza jumla. Tafadhali usiichapishe barua hii. Ukiichapisha, watakaoniandikia sitapata nafasi ya kuwajibu, maana Chepkurui amenituma udongo wa jiko la Eucabeth, na toroli ni ya kuazima.