Namba Saba Iko Uani Kwangu

Jumanne, 6 Mei

Leo nimeambiwa ninyamaze. Kijijini kwangu! Na mgeni!

Basi la saa nne lilishusha watu kumi na wanane. Nikawa tayari mlangoni pa mkahawa, shati safi, nywele zimelowanishwa. Miaka ishirini na sita utaratibu ni ule ule. Wanashuka, wanakunywa kahawa kwangu, nawapandisha kwenye magofu ya hekalu, nawasimulia habari za mungu wa kike Demetra na bintiye aliyetekwa, wanafuta machozi, tunashuka, wanakula pai ya mboga ya mke wangu Lambrini. Leo wamenipita. Kila mmoja na kidude kinaning'inia shingoni na hedifoni masikioni. Nikasalimu kwa lugha nne. Mama mmoja mwenye kofia akaweka kidole mdomoni mwake. Shh!

Zisis, kaka yake Lambrini, ndiye mlinzi wa lango. Anavigawa yeye! Nikamuuliza huu ni usaliti gani. Akasema vimeletwa na ofisi ya mambo ya kale. Mgeni anabonyeza namba iliyo kwenye kibao, sauti inamweleza anachokitazama, anakwenda kwa mwendo wake.

"Na hakuna anayemshika mkono, shemeji," akaongeza.

Nawashika kwa sababu kuna mawe!

La kuudhi zaidi: sauti yenyewe ni ya Mwalimu Evanthia. Ana miaka themanini na miwili. Alinifundisha darasa la kwanza hadi la sita, na hakuna siku aliyowahi kuniamini.

Usingizi wa mchana haukuja. Nimezunguka meza za mkahawa mpaka Lambrini akasema nikae chini, namtia kizunguzungu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeamua kumjua adui. Nikachukua kidude kwa Zisis, nikamwambia nataka kujielimisha. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Namba moja: lango la kale. Sawa. Namba mbili: "Simama wima. Inua macho taratibu." Nikasimama wima! Miaka hamsini imepita, na mgongo wangu bado unamtii yule mwanamke. Namba nne nilitaka kuegemea nguzo nipumzike kidogo. Hapo hapo masikioni: "Tafadhali usiegemee nguzo." Nikaruka. Nikaangalia nyuma. Hakuna mtu.

Sitasema uongo katika daftari langu mwenyewe: anaeleza vizuri. Namba tano alinifanya niguse kwa macho alama za patasi kwenye jiwe, patasi ya fundi fulani wa miaka elfu mbili na mia tano iliyopita ambaye alikosea akasahihisha. Nimelipita jiwe lile maisha yangu yote. Sikuwahi kuona kosa.

Kisha namba saba. Kichwa cha simba cha marumaru kilichokuwa pembeni mwa paa kikitema maji ya mvua. Na Mwalimu akasema, bila haya yoyote, kwamba kichwa hiki kiligunduliwa na watafiti mwaka 1931.

Watafiti!

Babu yangu Sotiris alikigundua! Plau yake ilivunjikia hapo. Akakibeba kwa nyumbu mpaka nyumbani, kikakaa uani miaka miwili, kuku wakinywea maji mdomoni mwake. Hao watafiti wenye kofia walipokuja kukichukua, babu alikitoa bure. Nyanya Marigo alilia kama anazika mtu. Hiyo ndiyo historia. Watafiti walichogundua ni njia ya kuja kwetu.

Nikaenda kwa Mwalimu moja kwa moja. Alikuwa anamenya maharage mabichi. Hakuinua kichwa. Akasema amesoma kilichoandikwa kwenye nyaraka za ofisi. Nikileta ushahidi, atarekodi upya.

"Ushahidi ni mimi!" nikasema.

"Argyris, darasa la nne uliniambia baba yako ndiye aliyejenga reli."

Nimerudi nyumbani. Lambrini akasema tutafute vizuri ghalani, kwenye makasha ya nyanya. Nimemwambia sina muda wa kupekua makasha. Nina vita.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango! Kama wanataka sauti, watapata sauti. Yangu.

Nimerekodi matembezi yangu mwenyewe kwenye simu, ghalani, kati ya madumu ya mafuta ya zeituni. Jaribio la kwanza: mwangwi, nasikika kama maiti kisimani. La pili: mbuzi. La tatu lilikuwa zuri ajabu, nimefika pale babu anapiga magoti mbele ya simba, Lambrini akafungua mlango na kuuliza kama ni mimi niliyeacha sufuria motoni.

Ni mimi. Mkahawa mzima unanuka dengu zilizoungua.

La nne limefaulu. Dakika arobaini na moja. Hakuna kukatiza.

Sasa, litawafikiaje watu wenye hedifoni? Nimepata jibu. Jamaa anayepita vijijini na pikapu akiuza viazi ana kipaza sauti juu ya gari. Kinasikika mpaka bonde la pili. Nimeazima gari lake kwa kesho, kwa sahani mbili za pai. Ameniuliza mara tatu kama najua kukitumia. Mtu wa viazi ananiuliza mimi!

Ijumaa, 9 Mei

Niliegesha pikapu nje ya uzio wa magofu, saa nne na nusu, wageni wakiwa namba tatu. Nikabonyeza.

Lazima niseme kitufe kilikuwa kidogo na jua lilikuwa kali.

"VIAZI! Viazi vya mlimani! Vya kukaanga, vya kuchemsha! Tokeni akina mama, viazi!"

Nikabonyeza tena. Sauti ikapanda. Nikabonyeza vyote. Ikaanza kurudia bila kituo. Wageni wakavua hedifoni. Akina mama wa kijiji wakatoka na vikapu. Nikawaeleza kwamba hili ni hekalu, si viazi. Bi Pelagia wa mtaa wa juu akanitazama, akatazama gunia nyuma ya gari, akasema anataka kilo tatu na nisimletee mambo.

Zisis akaja mbio macho yakimtoka. "Shemeji, zima hilo dubwana! Wageni wananiuliza Demetra alikuwa mungu wa viazi?"

Si mbali sana na ukweli, alikuwa wa nafaka. Nikamwambia hivyo. Hakufurahi.

Niliuza gunia zima. Kuhusu babu yangu, halikusikika neno hata moja.

Jumamosi, 10 Mei

Nimetembea chumbani asubuhi yote. Mpango wa viazi ulikuwa mzuri, ila ulitegemea mitambo. Mpango mzuri hautegemei kitu.

Ndipo nikaviona: vibao!

Watu hawa hawatazami ramani. Wanafuata vibao. Basi namba saba ikiwa uani kwangu, watakuja uani kwangu. Watasikia habari za simba wakiwa mahali pale pale alipokaa simba. Nami nitajitokeza, nitavua kofia, nitasema ukweli. Nani ataweza kunibishia nikiwa nimesimama kwenye ushahidi?

Nilingoja saa ya usingizi wa mchana. Zisis alikuwa anakoroma kibandani, mdomo wazi. Vibao vimesimikwa kwa chuma tu, vinang'oka kama karoti. Saba nikaileta uani. Sasa saba haiwezi kuwa huku nane ikiwa mbali kule, mgeni atapotea. Kwa hiyo nane nikaisogeza ukingoni mwa shamba, na tisa nikaisogeza karibu na nane. Nimefikiria kila kitu.

Lambrini aliniuliza kwa nini magoti yangu yana udongo. Nikasema nilikuwa nasali.

Jumapili, 11 Mei

Shati langu bado lina miiba. Naandika hivyo hivyo.

Walikuja! Watu kumi na mmoja, Waholanzi, wazee wa adabu, mmoja nyuma ya mwingine wakapita lango la ua wangu, wakasimama mbele ya kibao, wakabonyeza saba. Mimi nilikuwa nyuma ya banda la kuku na kofia mkononi, nikingoja wakati wangu.

Sikuwa nimekumbuka kwamba mama mkwe huketi pale baada ya kanisa.

Alikuwa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka kibao, amelala fofofo. Nilimkumbuka Mwalimu anavyosema kwenye namba saba, neno kwa neno: "Mbele yako, tazama mdomo uliofunguka. Tazama nyusi zilizokunjana, na mikunjo mizito ya shingo. Ingawa umri umemla, bado anatisha."

Walitazama. Kwa heshima kubwa. Mmoja akachuchumaa apate pembe nzuri. Wakaanza kupiga picha.

Mama mkwe akafungua macho.

Sijawahi kuona Waholanzi wakikimbia. Fimbo ilimpata mmoja begani, mwingine kofia. "Mnanipiga picha nikiwa hai, je nikifa mtanifanya nini?" Nikajitokeza kutoka nyuma ya banda, nimevua kofia, na kuanza kusema habari za babu Sotiris. Fimbo ikanipata na mimi.

Ningeishia kucheka. Lakini walipohesabiana walikuwa kumi.

Mzee mmoja, Bwana Cornelis, alikuwa ametangulia na kidude chake kwenda namba nane. Na namba nane, pale ilipokuwa zamani, inasema: "Shuka ngazi tatu." Mahali nilipoiweka mimi hakuna ngazi. Shamba linakatika ghafla kwenye ukuta wa mawe, kina cha urefu wa mtu, na chini yake vichaka vya miiba.

Nilikimbia. Sijakimbia hivyo tangu jeshini. Nilimkuta ameketi miibani, kifundo cha mguu kimevimba, damu kwenye sikio, hedifoni bado masikioni. Akaniuliza kwa upole kama hii ndiyo namba tisa.

Nimembeba mgongoni hadi barabarani. Ni mwepesi, mifupa kama ya ndege. Njia nzima alikuwa ananishukuru. Ananishukuru! Kila shukrani yake iliniingia mbavuni kama msumari.

Daktari anasema kifundo kimeteguka tu. Ingekuwa shingo.

Jumatatu, 12 Mei

Sikula. Mkaguzi wa ofisi alifika asubuhi. Vibao ni dhamana ya Zisis. Lambrini kasema, bila kunitazama, kwamba kaka yake huenda akafukuzwa, na amebakiza miaka miwili tu kupata pensheni.

Niliandaa maelezo. Mbuzi. Mbuzi hung'oa vitu. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, nikaamini mwenyewe.

Saa tano mkahawa ulikuwa umejaa: mkaguzi na karatasi zake, Zisis rangi ya jivu, Bwana Cornelis mguu juu ya kiti akinywa chai ya mlimani. Mkaguzi akauliza nani anajua chochote. Nikafungua mdomo kwa ajili ya mbuzi. Mlango ukafunguka, akaingia Mwalimu Evanthia na mkongojo wake. Amepanda mteremko wote kwa miguu.

Aliketi, akaweka mikono juu ya mkongojo, akanitazama.

Nikasimama wima.

"Ni mimi," nikasema. "Ni mimi peke yangu. Zisis alikuwa amelala."

Zisis alishika kichwa. Kumbe hilo la kulala lingeweza kubaki moyoni. Lakini lilitoka na mengine yote: viazi, vibao, babu, plau, nyumbu. Nilifika kwa nyanya Marigo analilia jiwe kama mtoto wake, sauti ikakatika. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Lambrini akatoka jikoni, akapangusa mikono, akaweka picha mezani. Ya zamani, kona imeliwa na panya. Babu Sotiris, nyanya Marigo na kuku saba, na katikati yao kichwa cha simba, kimejaa maji. Nyuma kuna tarehe. Alipekua makasha siku tatu, mimi nilipokuwa nashughulika.

Mwalimu aliigeuza, akasoma tarehe. Akasema, polepole, kwamba nyaraka zimekosea, na yeye pia amekosea kutouliza.

Hukumu: Zisis kapewa onyo la maandishi. Mimi sikanyagi magofu hadi mwisho wa Juni. Bwana Cornelis ameomba pai nyingine.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu amerekodi upya. Kijiji kizima kimekwenda kusikiliza namba saba. Mama mkwe amekwenda mara mbili. Mimi, mjukuu halisi, niko nje ya uzio kama mbwa!

Jioni, lango likiwa limefungwa, Zisis akanipigia mluzi. Hajazungumza nami tangu Jumatatu. Akabonyeza kidude, akapitisha hedifoni kwenye matundu ya waya. Nikabandika sikio.

"Simba huyu alifukuliwa na mkulima wa kijiji hiki, Sotiris Karvelas, siku plau yake ilipovunjika. Alikaa uani kwao miaka miwili. Alipochukuliwa, Marigo mke wa Sotiris alilia. Unapomtazama, mkumbuke na yeye."

Nikamwomba Zisis arudie. Akarudia mara nne, mkono wake umekwama kwenye waya. Mara ya tano akasema, "Futa pua, shemeji. Kidude cha serikali."

Ijumaa, 16 Mei

Nimeamka mtu mpya. Nimetulia. Nimekaa kitini dakika nzima.

Halafu nikawaza. Nisingehamisha vibao, mkaguzi asingekuja. Mkaguzi asingekuja, Mwalimu asingepanda mlima. Kwa hiyo ni mpango wangu uliofanya kazi! Lambrini anasema ni picha. Picha ilisaidia, sikatai.

Jambo jingine. Simba sasa ana jina la mtu. Lakini nimewauliza wote: nani aligundua zile nguzo sita? Hakuna anayejua! Hakuna karatasi, hakuna tarehe, nafasi iko wazi kabisa. Babu mkubwa Thanasis alichunga mbuzi pale pale.

Lambrini anasema nguzo hazikuwahi kupotea, zinaonekana kutoka barabara kuu tangu dunia iumbwe. Mwanamke mwema, lakini haoni mbali. Nimeshaanza barua. Nahitaji tu picha moja ya zamani, na kama haipo, kamera, mbuzi mmoja mtulivu, na chai kali ya kuipaka karatasi ionekane kuukuu.