Kinywa cha Kufanyia Mtihani

Jumatatu, 4 Machi

Nimepiga hesabu upya. Ada ya chuo cha wilaya, miaka miwili: dola elfu kumi na mbili. Mshahara wa msafisha meno hapa Kentucky: dola thelathini na nne kwa saa. Duka la mazulia lilikuwa likinilipa kumi na tatu, kisha likafungwa. Pesa yote itarudi kabla ya mwaka kwisha! Nikamsomea mke wangu, Marvene, akiosha vyombo. Akasema nimesahau vyuma vya kukwangulia meno, petroli, na miaka miwili ambayo yeye peke yake amelipa kodi ya nyumba. Marvene anapenda sana vitu vidogo vidogo.

Jumamosi ni mtihani wa leseni. Kila mwanafunzi huja na mgonjwa wake mwenyewe, mwenye ukoga uliogeuka jiwe. Mgonjwa asiye na ukoga wa kutosha anarudishwa mlangoni, na mwanafunzi amefeli kabla hata ya kuvaa glavu. Wenzangu wanahaha. Mimi nimetulia. Ninaye jirani, Verlin Tackett, mjane, mtafuna tumbaku, hajaonana na daktari wa meno tangu siku ya harusi yake. Kinywa kama machimbo ya kokoto! Tangu Krismasi namlisha makaroni ya jibini ili asinitoroke.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Shelby Dunaway ameonekana barazani kwa Verlin. Shelby wa darasani kwetu, mkono mwepesi, alama za juu, na sasa mwizi wa wagonjwa. Kapeleka pai tamu ya njugu za pekani!

Nikaenda mbio. Verlin alikuwa bado anajifuta makombo. "Delbert ndugu yangu," akasema, "makaroni yako nayaheshimu. Lakini binti wa watu kaja na pai, tena na kadi ya kununulia petroli. Wewe mwenzangu una nini?"

Nikampa nyama yote ya kulungu iliyokuwa kwenye friza. Tukashikana mikono. Marvene bado hajafungua friza.

Jumatano, 6 Machi

Marvene amefungua friza.

Alhamisi, 7 Machi

Msaliti! Shelby amepandisha dau hadi dola mia mbili taslimu, na Verlin amehamia upande wake. Nikamdai nyama yangu. Akasema ameshaila, na ilikuwa ngumu.

Nikakimbilia mnada wa ng'ombe. Nikasimama karibu na kibanda cha soseji, kwa sababu hapo watu lazima wafungue vinywa. Mzee mmoja akacheka, nami nikamwinamia nimchungulie. "We bwana, unataka kuninunua?" akafoka. "Basi nenda kwa dalali, mimi na yule fahali bei moja!" Umati mzima ukaangua kicheko. Nilipata nafasi nzuri sana ya kutazama. Nusu yao meno ya bandia.

Ijumaa, 8 Machi

Sina mgonjwa. Mtihani wa marudio ni Mei, na kliniki iliyoniahidi kazi haitanisubiri mpaka Mei. Miaka miwili imekwenda na maji. Nimeogopa kweli kweli.

Jioni nikamweleza Marvene kila kitu. Akafunga bomba. Akakaa, akafungua kinywa, akasema nilete tochi.

Mungu wangu! Nyuma ya meno ya chini, ukuta mtupu. Magego hayaonekani! Nikauliza tangu lini. Tangu duka lifungwe, akasema, na bima ya meno ikaenda nalo. Ada yangu kwanza, meno yake baadaye. "Wilaya nzima umeichungulia kinywani," akasema, "na mimi ninalala ubavuni kwako."

Gharama hiyo sikuwa nimeiandika popote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu furaha ikanijaa, nikambusu kwenye paji la uso. Kinywa sikukigusa, kisije kikaharibika kabla ya asubuhi.

Jumamosi, 9 Machi

NIMEFAULU! Mtahini alimtazama Marvene kinywani akapiga mluzi. Mtihani ni robo moja tu ya kinywa: chini, upande wa kulia. Mwanzoni nilishika chuma cha kukwangulia kinyumenyume. Marvene akanifinya goti, nikatulia. Jiwe la mwisho lilipodondoka kwenye trei, nilijiona mwepesi kama nimetua gunia la saruji. Tukaingia kwenye gari, tukakumbatiana, tukalia wote wawili.

Na Verlin? Kumbe anamchumbia mama mmoja wa kanisani! Zile dola mia mbili za Shelby alizitumia jana kwenda kusafishwa meno. Kafika mtihanini yanang'aa. Karudishwa mlangoni, na Shelby kafeli.

Jumapili, 10 Machi

Ahueni tupu. Marvene ameshinda akipitisha ulimi upande uliosafishwa, anacheka peke yake. Ameniomba wiki hii nimalizie robo tatu zilizobaki. Nikamwahidi, na nilimaanisha kabisa, mpaka wakati wa kahawa.

Ndipo nikapiga hesabu. Waliofeli jana ni watatu. Marudio ni Mei. Kila mmoja anahitaji robo ya kinywa, na mimi ninazo tatu chini ya paa langu! Shelby ameshakubali kunilipa mia mbili. Wengine wawili watapiga simu kesho.

Marvene nitamweleza taratibu. Kwa sasa nimeuficha mswaki wake juu ya kabati.