Kibali cha Fundi wa Pareto

Jumatatu, 2 Machi 1953

Kambi ya Nakuru. Vumbi, harufu ya choo, seng'enge pande zote. Tumo humu Wakikuyu watupu, tuliozolewa kutoka mashamba ya Njoro, Molo na Naivasha, tukingoja treni ya kuturudisha rizavu, nchi waliyotutengea Wakikuyu huko Kiambu. Eti kuturudisha! Mimi Hiram Ngigi nimezaliwa Njoro, kwenye shamba la mzungu. Kiambu sijalala hata siku moja. Sina shamba huko, sina hata mjomba wa kunipa kona ya kusimamisha kibanda. Tunasikia wanaoshushwa kule wanalala stesheni na watoto, na asubuhi wengine hawaamki. Binti yetu Wangui anakohoa tangu juzi.

Naandika kwa Kiswahili. Daftari la Kikuyu likipatikana humu, wewe ni mtu wa kiapo cha Mau Mau, kwisha maneno. La Kiswahili askari analisoma, anacheka, anakurudishia.

Njia ya kutoka ni moja tu, kibali cha fundi. Mzungu akimwandikia DO, afisa wa serikali mwenye kambi hii, kwamba kazi yake imelala na hakuna kabila lingine linaloiweza, fundi huyo anaachiliwa, yeye na mkewe na watoto. Fundi peke yake. Mpalilia magugu hatajwi. Na mimi ni fundi wa kukausha pareto! Nilisimamia jiko la Bwana Kihara, tulimwita hivyo kwa ajili ya upara wake. Maua yakikaushwa mno, dawa ya wadudu iliyomo inapotea. Yakibaki mabichi, yanaoza. Mkono wangu unajua.

Mke wangu Mugure anasema tungoje. Siku tuliyopakiwa kwenye lori, memsahib alimwahidi kwamba bwana ataandika. Anasema nitulie, ninyamaze, nisijifanye mwerevu walau mara hii. Akanikumbusha siku ya picha. Ni kweli, serikali ilipokuja kupiga picha za kadi za kazi nilijificha chini ya magunia, nikamficha na yeye. Nilidhani asiyejulikana sura hatafutwi. Kumbe asiye na kadi ndiye wa kwanza kupakiwa. Sawa. Lakini wazo lenyewe lilikuwa zuri.

Kungoja! Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Jumanne, 3 Machi

Amekuja mzungu wa koti refu, akauliza nani dereva wa trekta. Nikainua mkono. Trekta nimeiona mara nyingi. Nimeiosha. Mugure alinivuta shati, nikamtoa mkono.

Walinipandisha palepale. Kwenda mbele niliweza, namshukuru Mungu. Kusimama ndiko kulikokataa. Nilipita katikati ya jiko la kambi, uji wa watu wote ukamwagika, nikatoboa seng'enge, nikatokea ng'ambo. Askari wakadhani natoroka. Risasi! Moja ilipita karibu na sikio, bado naisikia.

Viboko nimekula mpaka siwezi kuketi. Naandika nikiwa nimelala kwa tumbo. DO ameniambia uongo mwingine kwa serikali ni jela. Watu wamelala njaa kwa sababu yangu na hakuna anayenisemesha.

Aliyecheka sana ni Ephantus. Huyu ni kapera kutoka Kinangop, analala karibu nasi, na eti naye ni fundi wa pareto. Anasema jiko lao lilichoma kuni za mtarakwa. Mtarakwa! Moshi mtupu! Hana bwana wa kumwandikia, wake ameuza shamba akaenda zake Ulaya. Baada ya kucheka akampa Wangui uji wake aliokuwa ameuficha kwenye kopo. Kujionyesha tu.

Alhamisi, 5 Machi

Nimepata! Mpishi wa kambi, Mzee Wamalwa, ni Mluhya wa huko Kimilili. Anatoka langoni, anaingia, hakuna wa kumuuliza. Waluhya hawafukuzwi. Wazungu wanawatafuta kwa tochi wachukue nafasi zetu. Basi nihangaike na ufundi wa nini? Heri niwe Mluhya. Kiswahili ninacho. Jina nimelichagua, Dalmas. Kilichobaki ni meno. Wamalwa, kama wanaume wengi wa kwao, hana meno mawili ya mbele ya chini.

Nimeyang'oa. Msumari na jiwe, nyuma ya choo. La kwanza lilitoka zima. La pili likavunjika, ikabidi kulichimbua. Ngai! Niliita mama yangu, naye alikufa zamani.

Mugure alinishika taya akatazama. Akaketi chini, akalia bila sauti. Akaniuliza, bwana akiandika kesho, Baba Wangui, utaenda kwake na sura gani? Nikamwambia bwana hataandika, mimi nawajua wazungu. Nikamwambia pia sura haikaushi pareto.

Wangui ananiogopa. Anajificha nyuma ya mama yake nikicheka. Hilo limeniuma kuliko meno.

Jumamosi, 7 Machi

Mungu si Athumani! DO wetu amehamishwa na aliyekuja hajui sura ya mtu. Nilikwenda kwake mdomo wazi, uchi wa meno. Nikamwambia mimi ni Dalmas, Mluhya, nilipakiwa kimakosa nikiwa Njoro kuuza kuku.

Koplo Kipkemboi alikuwepo. Kwake sisi sote tunaitwa "wewe", jina la mtu halijui. Lakini alikuna kichwa akauliza kama si mimi niliyeendesha trekta. Nikasema huyo ni Hiram Ngigi, Mkikuyu mmoja mwongo sana, habari zake nimezisikia tu. Wakaleta Biblia. Nikaapa kwamba Hiram simjui na sijawahi kuwa yeye.

DO amesema Mluhya wa kweli atanipima. Mzee Wamalwa amekwenda Gilgil na lori la posho, anarudi Jumanne. Nikipita, natoka. Nikitoka nitawatoa Mugure na mtoto. Namna nitaijua nikifika nje.

Jumatatu, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Asubuhi limeingia lori la Bwana Kihara. Bwana hakuja. Dereva ni mgeni, yule wetu wa zamani naye alipakiwa. Akampa Kipkemboi karatasi, Kipkemboi akasoma kwa sauti: Hiram Ngigi, fundi wa pareto, mke mmoja, mtoto mmoja.

Ameandika! Bwana ameandika kweli! Mguu wangu mmoja ulikwisha kutoka kwenye safu. Halafu nikaikumbuka Biblia. Hiram nimemkana. Nikijitokeza, ni jela. Nikinyamaza, kesho napimwa na kutoka bure, bila deni la bwana yeyote. Nikapiga hesabu upesi, nikaurudisha mguu.

Akaita mara ya pili. Mugure alikuwa upande wa wanawake, Wangui mgongoni, ananitazama mimi tu. Nikamkonyeza, maana yake angoje. Si yeye aliyekuwa akihubiri kungoja?

Kipkemboi akasema anaita mara ya mwisho, fundi asipopatikana kibali kinarudi na mwanamke anabaki. Akaita. Wangui akakohoa, kikohozi kile cha kukatika pumzi. Ndipo Ephantus akajitokeza akasema ndiye yeye. Ephantus! Koplo akauliza mke wa huyu ni nani. Mugure akasema ni yeye.

Wamepanda lori. Ephantus alimpokea mtoto kwanza, kisha akampa Mugure mkono. Mugure hakugeuka nyuma.

Nilitaka kupiga yowe. Kisha nikafikiri vizuri. Mugure ni mwerevu! Amenishikia nafasi. Ephantus atachochea moto siku mbili tatu, mimi nikifika ananipisha. Kila kitu kinakwenda sawa. Chakula tu ndicho hakishuki.

Jumanne, 10 Machi

Wamalwa amerudi. Mtu mwema. Alinitazama fizi akatikisa kichwa, akasema hakuna mzee wa kwao anayeweza kufanya kazi chafu namna ile. Lakini akaninong'oneza kwamba ana watoto kama mimi, nile kwake mchana, nisizungumze sana, naye atasema ndiyo. Kipkemboi akasikia neno kuku, akasema lazima awepo kama shahidi.

Mkewe, Mama Nabalayo, alipika kuku mzima. Ugali wa wimbi. Harufu hiyo! Akaniwekea sahani mbele ya wote, na juu kabisa ya nyama akaweka firigisi.

Sasa, kwa baba yangu nyama ya kuku haikuliwa na wanaume. Firigisi mimi naijulia wapi? Nikaitia mdomoni. Ngumu! Ikateleza ikaingia kwenye kile kidonda cha jino lililovunjika. Machozi yakanitoka. Nikaona ni heri niwe mtu wa adabu. Nikaitoa, nikaipangusa vizuri, nikamkabidhi Mama Nabalayo, nikamwambia mpishi ndiye anayestahili kitamu.

Haiya! Mama aliachia sufuria ikaanguka. Alisimama akatoka nje, kanga usoni. Wamalwa akafumba macho. Kipkemboi alibaki na paja la kuku hewani. Kumbe kwao firigisi ni ya mwanaume, tena mkubwa au mgeni wa heshima. Mgeni akimpa mke wa mwenye nyumba, amemtukana mwenye nyumba mezani pake. Kipkemboi alifanya kazi Kitale miaka mingi na Waluhya. Akasema hata Mluhya mlevi, hata mwendawazimu wao, hafanyi hivyo.

Wamalwa alijaribu. Alisema nililelewa na wamisheni. Sauti yake haikuwa na nguvu.

Jumatano, 11 Machi

Kwa DO. Nimeona hakuna dawa ila ukweli, nikautoa wote. Nikasema mimi ndimi Hiram Ngigi, fundi wa pareto, yule ni mke wangu, yule ni mtoto wangu, kile ni kibali changu!

DO akafungua orodha. Akasema Hiram Ngigi alitoka Jumatatu na mke wake, na mke mwenyewe alimtambua. Aliyeitwa leo asubuhi asijibu ni mtu mmoja tu, Ephantus. Kwa hiyo mimi ni Ephantus. Nikaapa kwa Mungu. Akasema viapo vyangu anavyo vya kutosha.

Ephantus, kapera, hana bwana. Treni ya Jumatatu. Jela nimeepuka kwa sababu imejaa.

Jumamosi, 14 Machi

Wamalwa alikutana na dereva wa Bwana Kihara sokoni. Amenijia kwenye seng'enge, hakutaka kunitazama usoni akisema.

Wangui alipelekwa kwa daktari na memsahib. Anapumua. Analala. Asante Mungu, asante, asante.

Bwana alipoona si mimi alifoka sana. Kisha akaingia bandani, akashika maua ambayo Ephantus amekausha, akayavunja mkononi, akanusa. Akatoka, akamwacha aendelee na kazi. Mugure anasema bwana hatazami sura, anatazama pareto.

Nikamuuliza Wamalwa kama hakuna neno langu mimi. Akasema lipo. Mugure amesema alinitazama mara tatu jina likiitwa. Amesema nisimfuate.

Nimelia mbele ya watu. Nililala kifudifudi mchangani nikalia mpaka pumzi ikakwisha. Hata wale waliokosa uji kwa ajili yangu walikuja kunishika mabega. Wamalwa aliniletea ugali kwenye karatasi, nimeshindwa kuumeza. Mke wangu. Mtoto wangu. Nilikuwa nimekwisha kutoa mguu!

Jumatatu, 16 Machi

Ndani ya treni, behewa la mizigo. Baridi. Bibi kizee mmoja aliacha kuongea tulipopita Naivasha. Watu wamemfunika, na mjukuu wake bado anamsimulia habari.

Longonot tulisimama. Askari wakatupekua tena, kila mfuko, kila nywele. Ila mmoja. Ni mtu wa reli, kazi yake breki, amepanda humu kukwepa upepo wa nje. Askari wakamsalimia tu wakapita. Nikamuuliza kwa nini yeye haguswi. Akasema kwa sababu ni Mkamba. Akacheka, na meno yake ya juu yamechongwa ncha.

Mkamba!

Nimekaa na jambo hili tangu Longonot na sioni kasoro. Wakamba wanaajiriwa kila mahali. Kuku hawana habari naye, firigisi hakuna. Jina nimepata, Nzioka. Nitashuka Limuru, nitarudi Njoro kwa miguu, Nzioka, fundi wa pareto, na Bwana Kihara mwenyewe ataniandikia kibali. Mugure akisikia atacheka mwenyewe. Neno la "nisimfuate" lilisemwa kwa Hiram.

Yule Mkamba ana tupa ya kunolea vyuma kwenye sanduku lake la vyombo. Nimemwomba. Alikataa, akaeleza kwamba meno huchongwa na mzee anayejua, kwa patasi, ukiwa kijana, si kwa tupa ya reli kwenye treni inayotikisika. Nimemsihi mpaka akachoka. La kwanza nimelianza. Damu si nyingi. Anasema niache, naharibu hata haya yaliyobaki. Nimemjibu atulie, hii kazi nimekwisha kuizoea.